Kipimamvua kipi kinawahi kugundua kwamba mvua imeanza? (honi ya vichanja vya kahawa, Machame)

KahawaMachame

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaovijua vipimamvua kiufundi.

Tuna vichanja 14 vya kukaushia kahawa iliyomenywa na kuoshwa, na watu wawili tu wa kuvifunika kwa turubai. Honi ya tahadhari imeunganishwa na kipimamvua cha kituo cha nyumbani, ile aina ya vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu, kila kupinduka ni mm 0.2. Mvua ya kishindo ikija, honi inalia kwa wakati. Kazi ipo kwenye manyunyu ya mlimani, yale yanayoanza kama utani. Unahisi ubaridi usoni, turubai linaanza kung'aa, honi kimya. Ikija kulia, kahawa ya juu imeshalowa kitambo.

Chujio limesafishwa, betri ya kirusha mawimbi ni mpya, usawa umepimwa kwa pimamaji. Hakuna kilichobadilika.

Nataka kujua kama huo ni ubovu au ndio uwezo wake ulipoishia. Pili, kati ya vinavyotumia mwanga, vinavyosikiliza kishindo cha tone, vinavyopima uzito, na vile vibao vya bei poa vyenye mistari ya shaba, kipi kinawahi? Tatu, nikitaka kuvishindanisha mwenyewe uwanjani, nifanyeje nisijidanganye?

Umeme ni wa sola, betri ya volti 12, Ah 7. Lengo ni honi ilie ndani ya nusu dakika tangu matone ya kwanza, na isilie kila alfajiri kwa sababu ya umande.

Mzee_wa_Loga

Kipimamvua chako ni kizima kabisa, ila kimepewa kazi isiyo yake. Kile kimetengenezwa kujibu "imenyesha kiasi gani", wewe unakiuliza "imeanza lini".

Piga hesabu. Kikombe cha mm 0.2 hakisemi kitu mpaka kijae. Muda wa kujaa kwa dakika ni 0.2 mara 60, gawanya kwa kasi ya mvua kwa saa. Mvua ya mm 60 kwa saa inakijaza kwa sekunde 12. Ya mm 20, sekunde 36. Ya mm 5, dakika 2 na sekunde 24. Sasa shuka kwenye manyunyu: mm 1 kwa saa ni dakika 12, na nusu milimita kwa saa ni dakika 24. Ndiyo maana mvua ya kishindo inakupa honi na manyunyu yanakunyima. Hakuna betri wala chujio la kubadilisha hilo.

Na hapo nimehesabu kama kwamba kila tone linafika kikombeni, jambo ambalo si kweli. Faneli kavu inakunywa kwanza. Maji hushikilia ukutani kama vishanga, hayateremki mpaka vishanga vikutane na kuwa vizito. Kiasi kinachopotea hapo unaweza kukipima mwenyewe: chomoa faneli, ikaushe, ipime kwenye mzani wa jikoni unaosoma gramu. Inyunyizie kwa chupa ya kunyunyizia, kila upande sawasawa, mpaka tone la kwanza lidondoke kwenye tundu la chini. Ipime tena. Gramu zilizoongezeka gawanya kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, kisha zidisha kwa 10, unapata milimita. Faneli ya sm² 200 iliyoshika gramu 3 imekula mm 0.15. Yaani kikombe chako cha 0.2 kwa mvua ya kwanza ni kama cha 0.35, na zile dakika 12 zimekuwa 21.

Watu wengi hapa hukimbilia kupaka nta ya gari ili maji yateleze. Kwenye faneli iliyo wima inasaidia. Kwenye faneli iliyolala inaweza kukuongezea tatizo, kwa sababu maji yanajikusanya matone ya duara yanayokaa palepale badala ya kutandaa na kutiririka. Pima kwa mzani kabla na baada, usiamini macho.

Kuna jambo la tatu linalowachanganya wanaolinganisha. Mvua ikikatika, kikombe hubaki na maji nusunusu. Mvua ya kesho yake inaanzia hapo, kwa hiyo kipimamvua kinaonekana "kimewahi". Baada ya siku kadhaa za jua maji hayo yamekauka, kinaanza sifuri, kinaonekana "kimechelewa". Kifaa kilekile.

Mwisho, angalia kinasadata (mafundi wanakiita loga, jina la kutia mashaka kidogo). Kama kinajumlisha kila dakika 15, basi mwanzo wa mvua huujui kwa usahihi zaidi ya dakika 15 hata kikombe kiwe cha dhahabu. Kiandike saa ya kila mpinduko.

Kuhusu vya uzito: havina faneli, tone linaingia moja kwa moja kwenye ndoo, na vizuri husoma hadi mm 0.01. Lakini upepo ukiitikisa ndoo, uzito unarukaruka, kwa hiyo programu yake lazima isubiri ijiridhishe. OTT Pluvio², kwa mfano, ina matokeo ya papo hapo na mengine yaliyochujwa ambayo hutoka baada ya dakika 5. Kwa kumbukumbu za hali ya hewa ni kifaa cha heshima, ila kwa honi ya kahawa ni kununua trekta la kuchimbia bustani ya mchicha.

Kuna aina usiyoitaja: inayohesabu matone chini ya faneli. ATMOS 41, ambayo ndiyo inayotumika kwenye vituo vya TAHMO, mtandao wa vituo vya hali ya hewa barani Afrika, ina mdomo wa sm 9.3, na maji yanayotoka chini yanakatwa matone ya ukubwa mmoja yanayopita kati ya elektrodi. Kila tone ni mm 0.017. Kwa mvua ya mm 1 kwa saa, hesabu ya karatasi inasema dakika moja tu. Ila nayo ina faneli, na faneli inakunywa kwanza. Hapo ndipo utaona kwamba ukishapunguza kikombe, kinachobaki kukuchelewesha ni ukuta.

Njiro255

Mzee kamaliza upande wa vikombe. Mimi nashika vibao.

Kibao cha kawaida, kile kinachouzwa pamoja na kadi ndogo yenye LM393 (chipu ya kulinganisha volti), kina ukubwa wa sm 5 kwa 4, yaani sm² 20. Watu wanakidharau kwa udogo, wanasema tone litakikosa. Hesabu inasema vingine. Mvua ya mm 1 kwa saa juu ya sm² 20 ni mililita 2 kwa saa. Tone la kipenyo cha mm 1 lina maikrolita 0.52, kwa hiyo ni matone zaidi ya 3,800 kwa saa, karibu moja kila sekunde. Kama matone ni manene ya mm 2, kila moja maikrolita 4.2, ni kama 8 kwa dakika, moja kila sekunde 7 au 8. Linganisha na dakika 12 za kikombe. Ubaya wa kibao ni kwamba kinaona mvua hata isipokuwepo. Na hakidumu.

Tuanze na kudumu. Ukikiwashia volti 5 mfululizo, maji na umeme wa njia moja vinakula mistari ya shaba. Upande wa chanya unageuka kijani, kisha mweusi, kisha unakatika. Msimu mmoja wa masika unatosha kukiua. Dawa: usikilishe moja kwa moja. Kilishe kutoka pini ya kidhibiti chako (kompyuta ndogo ya chipu moja), washa kwa milisekunde 10, soma, zima, rudia kila sekunde 2. Ukiweza kugeuza chanya na hasi kila usomaji, bora zaidi.

Sasa umande. Kosa kubwa ni kutumia pini ya kadi inayotoa ndiyo au hapana, halafu unazungusha kale kaskrubu ka buluu kutafuta kiwango. Hutakipata. Ukikaza, manyunyu yanapita. Ukilegeza, alfajiri yote honi. Tumia pini ya analogi, ile inayotoa namba inayopanda na kushuka, na angalia kasi ya kubadilika badala ya kiwango chenyewe. Umande hupanda polepole, namba inateremka kidogokidogo kwa nusu saa au zaidi. Tone hupiga ghafla: usomaji mmoja kiko juu, usomaji unaofuata kimeshuka ngazi nzima. Weka wastani wa dakika 5 zilizopita, kisha linganisha kila usomaji mpya na wastani huo. Anza na mruko wa asilimia 10, kisha rekebisha kwa kibao chako, maana havifanani hata vya pakiti moja. Ukipata miruko 2 ndani ya sekunde 20, ni mvua.

Cha pili ni joto. Gundisha nyuma ya kibao rezista ya ohm 100 ya wati 5, ilishe volti 12. Inatoa wati 1.44, inakifanya kibao kiwe na joto kuliko hewa kidogo, umande haukai. Kwa saa 12 za usiku inakula Ah 1.44, yaani kama moja ya tano ya betri yako. Usiiwashe mchana. Kibao kikiwa cha moto tone dogo linakauka kabla hujalisoma, na jua la saa nane linatosha kukipika bila msaada wako. Vile vya kitaalamu, kama DRD11A ya Vaisala, vina joto la ndani na vimelazwa kwa mteremko kwa sababu hizohizo, ila vyenyewe havina mistari iliyo wazi. Vinapima uwezo wa kuhifadhi chaji chini ya ganda la kioo, kwa hiyo haviliwi na kutu.

Kilaze nyuzi 30, mteremko uelekee upande unaotoka mvua. Kikilala bapa, dimbwi linabaki juu na mvua ya pili hutaiona.

Vya mwanga: RG-11 na RG-15 za Hydreon. Ni wazo lilelile la gari linalowasha waipa lenyewe. Mwale wa infraredi unadundadunda ndani ya kuba, tone likitua nje sehemu ya mwanga inatoroka, kipokezi kinaona upungufu. Hakuna faneli wala kitu cha kujaa. RG-11 inataka volti 10 hadi 15, kwako sawa, na ina rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ndani kwa hiyo unaweza kufunga honi bila kidhibiti chochote. Swichi ndogo za ndani ndizo zinazochagua kama ihesabu kama kikombe au iseme tu "inanyesha". Chagua hiyo ya pili. Ukiiacha kwenye mtindo wa kikombe, itasubiri ijaze kikombe cha kufikirika, na utakuwa umelipia kuchelewa kulekule.

RG-15 inaongea kwa waya wa mfululizo kwa kasi ya 9600 na ni rahisi kuiunganisha na kidhibiti. Kwa kiasi cha mvua usiziamini sana. Kwa mwanzo wa mvua ziko mbele. Adui zao ni vumbi na kinyesi cha ndege. Wa Arusha mwezi wa pili wanaelewa ninachosema: kuba inapata ngozi ya vumbi, tone linatua juu ya vumbi, mwanga haujali.

FundiBati

Njiro255 kaacha vya kishindo, ngoja nivitetee na kuvisema ukweli.

Kidude cha piezo kinasikia nguvu ya tone linapogonga. Hapo kuna mtego. Tone la mm 2 linaanguka kwa karibu mita 6.5 kwa sekunde, la nusu milimita kwa mita 2 tu. Kwa uzito la kwanza ni mara 64 ya la pili, na kasi inaingia kwenye hesabu mara mbili. Nishati inatofautiana kwa zaidi ya mara 600. Kwa hiyo vituo vya nyumbani vyenye piezo badala ya vikombe vinawahi sana kwenye mvua ya radi, sekunde chache tu, ila manyunyu vinaweza yasiwahusu kabisa. Kwa Machame usikitegemee peke yake.

Lakini kuna kitu cha bei ya chai: bati. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30, imelazwa juu ya mbao mbili zenye vipande vya tyubu ya baiskeli ili lisigusane na mbao, na chini yake kidisiki cha piezo cha mm 27 kilichobandikwa kwa gundi ngumu katikati ya mgongo. Eneo ni mara 500 ya kile kibao. Kwa mvua ya mm 1 kwa saa yenye matone ya mm 2, matone zaidi ya 60 yanaligonga kila sekunde. Husubiri. Na matone manene machache yanayotangulia, yale ya "pa… pa…" kabla mvua haijaamua, bati linayakamata kabla ya kifaa kingine chochote.

Kuunganisha: rezista ya megaohm 1 sambamba na kidisiki, diodi ya zena ya volti 3.3 kulinda pini, kisha kikuza ishara chenye kiwango unachorekebisha. Hesabu mapigo: 5 ndani ya sekunde 10 ndiyo mvua. Usihesabu moja, kwa sababu bati linalia lenyewe asubuhi likipata jua na jioni likipoa. Mlio wa aina hiyo ni mmoja mmoja, umeachana. Kunguru akitua ni rundo la mapigo kisha kimya. Jani la mgomba linalosugua kwenye upepo ndilo baya kuliko yote, linafanana na mvua kabisa. Liweke mbali na migomba, na usilifunge kwenye nguzo ya kichanja, watu wakigeuza kahawa litapiga kelele.

Gundi laini ya silikoni usitumie kubandikia kidisiki, inameza mtikisiko wote.

bintiUsaRiver

Shikamoo Mzee wa Loga, na heshima kwa wengine. Najibu swali la tatu, maana hapo ndipo ulinganisho mwingi unapoharibikia.

Saa iwe moja. Ukiwa na vifaa vinne vyenye saa nne, utakuwa unalinganisha saa. Peleka waya zote kwenye kidhibiti kimoja, ESP32 inatosha, na saa ya DS3231 pembeni yake. Kila mabadiliko yaandikwe kwa sekunde. Pini ya kikombe iwe na rezista ya kiloohm 10 kwenda volti 3.3 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda hasi, na programu ipuuze milisekunde 100 baada ya kila mpigo. Swichi ya sumaku inatetemeka ikifunga, inaweza kukuandikia mipinduko miwili kwa mmoja.

Lazima uwe na shahidi asiyekuwa mmoja wa washindani. Ukitumia kifaa cha kwanza kulia kama ndiyo mwanzo wa mvua, umeshampa ushindi. Chukua kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, elekeza kamera ya simu kwake chini ya kijibanda, video ionyeshe saa. Tone la kwanza kwenye rangi hiyo linaonekana kama doa. Muda huo ndio sifuri yako.

Viweke vyote ndani ya mita 5, mdomo kimo kimoja, na mti au jengo lolote liwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Hata hivyo tarajia sekunde kadhaa za tofauti kwa bahati tu, maana matone ya kwanza ni machache na hayagawanywi sawa. Kwa hiyo tofauti ya sekunde 4 kati ya kuba ya mwanga na bati haina maana. Ya dakika 9 ina maana.

Matukio yawe 20 au zaidi, na yatenganishe: manyunyu mbali, mvua ya radi mbali. Ukiyachanganya utapata wastani ambao hauelezi mvua yoyote iliyowahi kunyesha Machame. Tena usitumie wastani, tumia thamani ya katikati baada ya kuyapanga. Na tukio ambalo kifaa hakikuliona kabisa halina "muda wa kuchelewa"; liandike kwenye safu yake. Piezo inaweza kuonekana bingwa wa kasi kwa sababu tu manyunyu yote iliyoyakosa hayakuhesabiwa.

Kila tukio andika siku ngapi zimepita tangu mvua ya mwisho, kwa sababu ile ya maji yaliyobaki kikombeni. Au kabla ya kila jaribio pindua kikombe kwa kidole na ukifute.

Kama hutaki kusubiri mvua, kuna mpira wa dripu wa duka la dawa. Wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita, imeandikwa kwenye pakiti. Kwa faneli ya sm² 214, mvua ya mm 1 kwa saa ni mililita 21.4 kwa saa, yaani matone 7 kwa dakika. Mm 5 kwa saa ni matone 36 kwa dakika. Weka chupa juu, rekebisha gurudumu, anza kuhesabu saa. Ila jaribio hili linamsifia mno mshindani mwenye faneli: tone linapita njia moja tu ukutani, haliloweshi faneli nzima kama mvua. Kwa hiyo dripu itumie kupima kikombe, na chupa ya kunyunyizia kupima ukuta, kama Mzee alivyoeleza. Ukitaka kuhakiki ujazo wenyewe, mililita 428 polepole kwa saa nzima zikupe mipinduko 100. Ikija 94 au 107, rekebisha skrubu za chini ya vikombe, zote mbili kwa kiasi kilekile.

KahawaMachame

Nashukuru sana wote. Mzee, dada, mafundi, hapa nimepata darasa.

Mawili yamebaki. Kuna mwanakikundi anasema tuongeze faneli kubwa juu ya kipimamvua hichihicho ili kijae haraka. Mwingine anasema tuweke kifaa kilomita moja na nusu juu mlimani kitupe taarifa kabla mvua haijashuka. Yanafaa?

Mzee_wa_Loga

La faneli si baya kama linavyosikika. Ukiweka mdomo wa sm 40, eneo ni sm² 1,257, na kikombe kilekile cha mililita 4.28 sasa kinapinduka kila mm 0.034. Kwa mm 1 kwa saa ni dakika 2 badala ya 12. Lakini ukuta umekua pamoja na mdomo, kwa hiyo zile mm 0.15 za kulowana zimebaki palepale, na zenyewe peke yake ni dakika 9. Umetoka dakika 21 ukafika 11. Bado nusu dakika yako haipo. Na kiasi cha mvua cha siku usikiandike tena kutoka humo; kwenye mvua kubwa ya mm 100 kwa saa vikombe vitakuwa vinapinduka karibu kila sekunde na maji mengine yanamwagika katikati ya safari.

La mlimani linategemea mvua. Wingu la mvua ya radi linalosafiri mita 5 kwa sekunde linachukua dakika 5 kumaliza kilomita moja na nusu, na dakika 5 kwa vichanja 14 ni mali. Lakini halisafiri lazima kutoka juu kuja chini. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi yanatoka pande tofauti, kwa hiyo ungehitaji vifaa viwili au vitatu kuzunguka. Na manyunyu ya ukungu, ambayo ndiyo mgomvi wako, mara nyingi hayasafiri kokote. Wingu linajaa juu ya mteremko na kudondoka papo hapo, juu na kwako kwa wakati mmoja. Hapo kifaa cha mbali hakikupi kitu. Ukiamua kukiweka, tumia redio ya LoRa (ya masafa marefu, inayokula umeme kidogo) moja kwa moja badala ya ujumbe wa simu, maana ujumbe unaweza kukaa njiani dakika kadhaa. Na antena ipande juu ya migomba. Makorongo ya huko na majani mabichi yanameza mawimbi.

Njiro255

Kwa hiyo, mkuu, mpango wenye uwiano na betri yako ni huu. Vibao viwili vya analogi, kimoja kila upande wa uwanja, na bati la FundiBati au RG-11 kama fedha ipo. Kimojawapo kikisema mvua, washa taa nyekundu tu, mtu ainue macho. Viwili vikikubaliana ndani ya sekunde 20, honi. Kikombe chako usikitupe: kiache kiwe karani. Kikipinduka ndani ya dakika 30 baada ya honi, programu iandike "mvua". Kisipopinduka, iandike "shaka" pamoja na unyevu wa hewa na saa. Baada ya wiki tatu utaziona "shaka" zimejikusanya wapi. Zikiwa saa 11 na 12 alfajiri, ongeza joto au panua mruko. Zikiwa mchana wa upepo, kalitazame bati.

Ila kumbuka manyunyu mepesi ya dakika 10 yanaweza kulowesha kahawa bila kupindua kikombe hata mara moja. Kwa hiyo "shaka" isikufanye uharakishe kupunguza usikivu. Muulize kwanza mfunikaji kama turubai lilikuwa na maji.

Waya wa kibao uingie kwa chini na ufanye mkunjo kama mkia kabla ya kupanda kwenye kiunganishi, maji yadondokee kwenye mkunjo. Ukiuteremsha kutoka juu, maji yanafuata waya mpaka ndani ya kiunganishi, na utapata mvua isiyokatika kwa siku mbili.

KahawaMachame

Kiunganishi chetu cha kirusha mawimbi kinaingilia juu. Kesho nakigeuza.